Kwa nini wastaafu wanaohamia Pangani huwa hawadumu?

#1 Mwendapole
Wakuu, habari za jioni.

Nakaribia kustaafu kwa lazima, ile ya miaka 60. Nina kiwanja Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nilichukua zamani kabla watu hawajaanza kukimbilia huko. Mpango ni nyumba ya vyumba vitatu na baraza pana. Asubuhi nashuka ufukweni, jioni nakaa barazani. Maziwe, kile kisiwa, ipo mbele, hifadhi ya Saadani kusini, nikichoka na joto napanda milimani Amani. Sijui binadamu anataka nini zaidi.

Kinachonisumbua ni kimoja. Wastaafu ninaowafahamu waliohamia kule, wengi hawakudumu. Mmoja karudi Morogoro. Mwingine kauza nyumba, yuko Kibaha kwa binti yake. Wa tatu nyumba ipo, anaishi humo mlinzi, mwenyewe yuko Dar. Wote walikwenda na furaha kama hii yangu. Tatizo ni nini hasa? Naomba majibu ya waliokaa kule, si waliokwenda Ijumaa wakarudi Jumapili.

#2 Kolekole
Nakaa mbele kabisa na karanga zangu. Uzi huu utanoga.

#3 FundiBati
Jibu ni chumvi, mkuu. Mtu wa bara anadhani bahari ni ya kutazama, hajui kwamba bahari inakula. Inakula bati, inakula kitasa, bawaba, feni, friji, hata skrubu za kitanda.

Nimejenga kuanzia Kigombe mpaka Ushongo. Ugonjwa ni uleule: mwenye nyumba anaona mchanga upo pale chini bure, kwa nini anunue wa mtoni? Fundi njaa anachanganya mchanga wa ufukweni usiooshwa. Nondo inaanza kushika kutu ndani ya zege, kutu inavimba, zege linapasuka. Unaona nguzo ya baraza imechanika kwa urefu, unapiga lipu, inachanika tena. Mstaafu alipanga kujenga mara moja, akajikuta anajenga kila mwaka. Akili ikimrudia anauza.

#4 Mama Chausiku
FundiBati kaongelea afya ya nyumba, mimi naongelea afya ya mwenye nyumba.

Watu wanastaafu wakiwa na presha, sukari na magoti. Hospitali ya wilaya ipo Pangani mjini, kwa mambo ya kawaida hakuna shida. Ikitakiwa daktari bingwa ni Bombo, Tanga mjini, kama kilomita 50. Wewe umejenga Bweni, kwa hiyo kabla ya hizo 50 kuna mto, na mto una pantoni. Kifua kibane usiku wa manane uanze kumtafuta mwenye mtumbwi.

Baba mkubwa wangu alihamia pwani kwa ajili ya hewa. Hewa aliipata. Aliporudi mjini hakusema kwamba amechoka na bahari, alisema amechoka na kuogopa usiku.

#5 Mwendapole
Mama Chausiku, hilo limenigusa. Ila kuna daraja linajengwa, la mita 525, pamoja na ile barabara ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo. Likikamilika habari ya pantoni imekwisha.

#6 Karani wa Zamani
Daraja litawavusha, hela je? Watu wanazunguka tu, sababu namba moja ni kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Zamani mtumishi wa umma alichukua nusu ya mafao kwa mkupuo. Sasa ni asilimia 33. Mtu alikuwa na ramani ya nyumba ya nusu, akapewa hela ya theluthi. Akaijenga hivyohivyo, ikaishia kwenye linta. Au aliimaliza, halafu pensheni ya mwezi ikashindwa kuilisha. Nyumba ya bahari inakula zaidi ya mke wa pili.

#7 Mhasibu Mpole
Karani, 33 ni ya Julai 2022. Kuanzia mwaka wa fedha 2024/25, waliokuwa kwenye nusu wanapata asilimia 40, na waliokuwa kwenye 25 wanapata 35. Usimtishe mleta uzi kwa hesabu za juzi.

#8 Karani wa Zamani
Sawa Mhasibu, 40. Bado si 50. Hoja yangu iko palepale.

#9 Mwana wa Bweni
Naomba niingie, maana mnazungumzia kwetu kama vile hatupo.

Mimi ni mzaliwa. Wageni wanaoondoka nawajua na nyumba zao nazijua. Mtu ananunua eneo kwa mzee mmoja chini ya mwembe, wale ndugu wengine hawajui. Serikali ya kijiji haijui, mkutano wa kijiji haujui. Halafu jambo la kwanza analofanya ni ukuta. Ukuta unaziba njia ambayo wavuvi walipita tangu enzi za babu zao kwenda kuvuta ngalawa. Akiulizwa anasema ana karatasi.

Kwenye msiba haonekani, harusini haonekani. Akina mama wakipita na ndoo za dagaa hawasalimii. Siku akiibiwa betri ya sola anasema wenyeji wabaya. Huyo atadumu vipi? Hata angejenga mbinguni angehama.

#10 Kolekole
Hata mbinguni! Mwana wa Bweni usituue kwa kicheko.

#11 Wakili wa Mnazi Mmoja
Naongezea kwa #9. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, vilevile kwenye mito na maziwa. Wengi wanaouziwa "kiwanja cha maji yanagusa miguu" wamenunua kesi. Na ardhi ya kijiji ina taratibu zake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haiuzwi kwa kupeana mikono na soda. Mleta uzi, kiwanja chako kina karatasi gani?

#12 Mwendapole
Kimepimwa, kiko juu kwenye mwinuko, bahari naiona kwa mbali. Ukuta sina na sitajenga, nitaweka michongoma.

#13 Mwana wa Bweni
Michongoma sawa. Njia uiache.

#14 Siti wa Sahare
Mimi nashangaa kwa nini lazima iwe Pangani. Mstaafu mwenye akili anakaa Tanga mjini. Bahari ni ileile. Raskazone unaogelea asubuhi bila kuombwa na mtu uingie ngalawani. Mji ni tambarare, wazee wa miaka 70 wanaendesha baiskeli kwenda sokoni, mitaa imepangika tangu enzi za Mjerumani na miti ipo. Bombo iko hapohapo, kwa hiyo Mama Chausiku analala. Mwishoni mwa wiki mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini, na jirani yake kuna chemchemi ya maji moto ya Galanos, inanuka kiberiti lakini mtu wa magoti anajua thamani yake. Ukitaka ukimya nenda kusini kwenye magofu ya Tongoni. Pangani unakwenda kutembea, jioni unarudi kwako.

#15 Kolekole
Siti anauza nyumba huko Sahare, nimeshamjua.

#16 Siti wa Sahare
Siuzi. Napangisha.

#17 Mke wa Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa, wanaume mnajadili nondo, kikokotoo na daraja. Hakuna aliyeuliza kama mke anataka.

Mume wangu alistaafu na ndoto yake ya bahari. Mimi nilikuwa na vikundi viwili, kwaya, duka la vitambaa na wajukuu mtaa wa pili. Kule yeye alikuwa na fimbo ya kuvulia, mimi nilikuwa na jiko na upepo. Wajukuu walikuja Desemba wakaondoka Januari. Baada ya hapo nikawa namsikiliza yeye akielezea samaki aliyemkosa. Tulirudi. Akiulizwa anasema ni kwa sababu ya joto. Joto lipi? Hao watatu wa mleta uzi nenda ukawaulize wake zao.

#18 Mama Chausiku
Dada, umesema kweli yote. Asante.

#19 Mwendapole
Mke wangu ni Mdigo wa Mkinga, pwani ni kwao. Yeye ndiye anayenisukuma.

#20 Mke wa Mstaafu
Pwani ni kwao, Bweni si kwao. Mkinga iko upande wa Horohoro, Bweni iko ng'ambo ya mto. Dada zake wako upande upi?

#21 Kolekole
Mleta uzi kimya kidogo…

#22 Jirani wa Kilifi
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Hii si hadithi ya Pangani pekee. Huku Kilifi, Watamu na Malindi tunawaona miaka nenda miaka rudi, Waitaliano na watu wa Nairobi vilevile. Mimi sababu yangu ni tofauti na zote mlizotaja: watu wananunua nyumba kwa macho ya msimu wa kaskazi.

Mtu anakuja likizo Desemba mpaka Februari. Bahari imetulia, maji meupe, upepo mzuri wa jioni, anaona samaki mpaka chini. Analipa. Halafu inakuja masika, Machi hadi Mei, barabara matope, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu kabatini. Ikiisha tu linaingia kusi, upepo wa kutoka kusini. Bahari inachafuka, mwani unajazana ufukweni na kunuka, mashua ndogo hazitoki siku kadhaa. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mwaka, si ile ya Desemba. Mtu hajahamia mahali, amehamia mwezi.

Ushauri: panga chumba ukae mwezi wa tano wote. Ukiweza huo, jenga.

#23 FundiBati
Jirani kasema. Na mvua za mwezi wa tano ndizo zinazoonyesha kama bati lilipigwa vizuri.

#24 Mchunguzi Huru
Mnaogopa kutaja sababu yenyewe. Pwani ina wenyewe. Mgeni akichimba msingi bila kuzungumza na wazee haamki vizuri. Nawajua watu walioanza kuota ndoto za ajabu siku ileile walipohamia.

#25 Mwana wa Bweni
Mchunguzi, ndoto za ajabu za mtu wa bara mwezi wa pili ni joto. Anunue feni. Akiamka anatetemeka akapime malaria. Wazee wa huku wana shughuli zao, hawana muda wa kumfuata mstaafu wa watu usingizini.

#26 Mchunguzi Huru
Utasema hivyo hivyo, wewe si ni mwenyeji.

#27 Mzee Mshipi
Vijana, shikamooni ziwe kwangu. Mimi ni mstaafu, natoka Singida, nilikuwa mwalimu, nakaa Ushongo na sijaondoka.

Kwanza nipinge swali lenyewe. Mwendapole, hao watatu uliwaona wapi? Morogoro, Kibaha na Dar. Aliyerudi mjini unamwona mjini. Aliyebaki huku utamwonea wapi wakati wewe uko huko? Huku kuna daktari mmoja mstaafu, kuna askari wawili, kuna mama alikuwa katibu muhtasi, hatujaandikiwa uzi.

Pili, nirekebishe mambo mawili. Maziwe "ipo mbele", ndiyo, lakini si ya kila asubuhi. Ni hifadhi tangu 1975, unalipa kiingilio na unalipa chombo, na kisiwa chenyewe leo ni fungu la mchanga. Miti yake yote iliondoka miaka ya sabini mwishoni na themanini mwanzoni. Bamvua, yale maji makubwa, likijaa, fungu linafunikwa. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa huku bara, Ushongo, yasisombwe na maji. Kasa wadogo wanapotoka na kuteremka baharini, wajukuu zangu wa kuazima wa hapa kijijini hawakosi. Na Amani si ya kukimbilia joto likizidi mchana: unavuka mto, unakwenda Muheza, unapanda mlima kwa barabara ya vumbi ambayo wakati wa mvua ni sabuni. Amani ni ya kulala huko siku mbili tatu.

Tatu, sababu. Mimi naona wanaoondoka hawakuwa na ratiba. Mtu miaka thelathini anaamka kwa kengele, halafu siku moja kengele haipo. Bahari haimpi mtu kazi. Mimi ratiba yangu inapangwa na maji. Bamvua nafuata wanaokwenda mwambani kutafuta pweza, nabeba kapu tu, goti haliniruhusu kuchokoa. Maji mafu, yakiwa madogo, natoka na mshipi, changu na tasi za kutosha mchuzi. Kaskazi tukibahatika nguru. Upepo ukikataa nasuka dema, mtego wa samaki, najifunza bado, samaki wanaingia na kutoka. Jioni nafundisha watoto hesabu barazani bila malipo. Hilo la mwisho ndilo lililonipa majirani. Siku nilipougua nilibebwa na wazazi wao.

#28 Mama Chausiku
Mzee wangu shikamoo. Ulibebwa ukapelekwa wapi, na kwa muda gani?

#29 Mzee Mshipi
Marahaba. Mama, hapo umenishika. Ilikuwa mchana na pantoni ilikuwa upande wetu. Sikupingi.

#30 Mhasibu Mpole
Kwa faida ya wengine: mtumishi aliyekuwa anachangia NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, akistaafu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Watoto hapana. Kadi mnayo, ila kadi haivuki mto, hapo Mama Chausiku yuko sahihi.

#31 Karani wa Zamani
Mzee Mshipi, samahani kwa kuuliza, nyumba uliijenga kwa mafao?

#32 Mzee Mshipi
Nilijenga taratibu nikiwa kazini, chumba na sebule, nikaongeza jiko. Mkupuo nilinunulia mashua nikiwa na mwenzangu wa hapa. Yeye anavua, tunagawana. Nyumba yangu ukiiona utasema ni stoo ya hao wenye baraza pana.

#33 Karani wa Zamani
Basi umethibitisha hoja yangu. Ni hela.

#34 Mwana wa Bweni
Amethibitisha yangu. Ni majirani.

#35 Mke wa Mstaafu
Mzee hajasema mke wake yuko wapi.

#36 Mzee Mshipi
Nilifiwa kabla ya kustaafu, mama.

#37 Mke wa Mstaafu
Pole sana, mzee wangu. Nimeuliza kwa wepesi.

#38 Mzee Mshipi
Hamna neno. Swali lako ni la haki, wenzangu wenye wake wanalijibu kila siku.

#39 Msomi wa Mkonge
Natoka kidogo nje ya mada. Mnajua mkonge wa nchi hii ulianzia hapohapo Pangani? Mjerumani Hindorf aliagiza miche, iliyofika hai ikiwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe mwaka 1893. Mashamba yote mnayoyaona Muheza na Korogwe asili yake ni ile miche.

#40 Kolekole
Kwa hiyo wageni walioweza kudumu Pangani ni 62 na wote walikuwa mimea.

#41 Siti wa Sahare
Kolekole leo nakusamehe lile la nyumba.

#42 Msomi wa Mkonge
Na kuhusu mgeni na mwenyeji, Pangani ndipo aliponyongwa Bushiri, Desemba 1889, baada ya kupigana na Wajerumani pwani nzima. Mji una kumbukumbu ndefu. Mtu anayekuja na ukuta wake na karatasi yake asishangae kutazamwa mara mbili.

#43 Mchunguzi Huru
Si ndiyo nilichosema mimi?

#44 Mwana wa Bweni
Hapana. Yeye ametaja historia, wewe ulitaja majini.

#45 FundiBati
Turudi kwenye nyumba. Mwendapole, kwenye mwinuko huo maji unapata wapi? Visima vingi vya karibu na bahari ni vya magadi au chumvi. Ukiogea sabuni haitoi povu, ukinyweshea mchicha unakauka. Weka kisima cha chini cha kuvunia mvua kabla hujaweka hata jiwe la msingi. Mchanga wa mtoni. Madirisha ya mbao ngumu au alumini, chuma usikisogeze. Nondo zifunikwe na zege nene, usikubali fundi akuonyeshe nondo inachungulia.

#46 Mwendapole
Nimeandika yote, fundi. Wakuu, nashukuru. Mke wangu amesoma uzi wote, kabaki kwenye #20. Sasa anasema twende kwanza Tanga mjini kwa Siti tukapange, mwezi wa tano kama alivyosema Jirani, tuwe tunavuka kwenda Bweni kuangalia. Mimi sijakubali bado. Siti, kwa mwezi ni kiasi gani?

#47 Kolekole
SI NILISEMA?

#48 Siti wa Sahare
Njoo faragha, mkuu.

#49 Mwana wa Bweni
Mwezi wa tano ukivuka nitafute hapo pantoni, uliza mtu yeyote. Ila mkeo mwambie nazi za Mkinga asije nazo, za kwetu ni tamu zaidi.

#50 Jirani wa Kilifi
Hapo kwenye nazi mmekosea wote wawili.

#51 Mgosi Mtulivu
Wakuu, nimechelewa. Na Kigombe je, viwanja vipo? Mimi joto silipendi na samaki sili, lakini nataka bahari.

#52 Mzee Mshipi
Mwanangu, wewe nenda Lushoto.